Neno la Maro Dirishani

Nilipokuwa mtoto, mkwe alikuwa mtu asiyejamba. Nisameheni kwa kuanza hivyo, lakini nimesoma mpaka nikavishwa joho, na joho lenyewe halijanipatia hata kazi ya kufagia, kwa hiyo adabu ya kuzungukazunguka nimewaachia wenye mishahara. Kwetu, upande wa Nyakach, mume wa binti yako akija nyumbani hakuwa na tumbo. Alikuwa na kofia, viatu na salamu. Alikula alichopewa, akashukuru, akaondoka. Choo cha mama mkwe hakukigusa. Akibanwa, alitembea mpaka vichaka vya mbali, na hakuna aliyemwona akienda, hata kama mji mzima ulikuwa unamtazama.

Na mama mkwe naye, ambaye kwa Dholuo ni maro, hakumwona mkwe wake. Alimsalimia amegeuza uso. Hakula mbele yake, hakukanyaga alipolala. Chuo kikuu profesa wetu wa sosholojia aliliita jambo hili avoidance relationship, yaani uhusiano wa kuepukana, akaliandika ubaoni, nasi tukalinakili kama kasuku. Kwenye mtihani nilipata A. Sikumwambia profesa kwamba hiyo avoidance relationship yake nusura imzike baba yangu.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Baba alikuwa karani bandarini Kisumu, mtu mpole, shati limepigwa pasi hata Jumapili. Likizo ya Agosti tulikwenda kwa Dani, nyanya yangu mzaa mama, karibu na Katito, kwa ukumbusho wa babu. Baba alipeleka fahali, kama inavyompasa mkwe. Akapewa nafasi kwenye simba, ile nyumba ya vijana wa kiume iliyo karibu na lango, maana mkwe halali kwa maro. Mimi na Mama tulilala kwa Dani.

Baba alikuwa na kovu tumboni, nene kama kamba, kutoka kitovuni kushuka chini. Alipasuliwa kabla sijazaliwa, kidole tumbo kilipompasukia. Mimi nililijua kwa sababu siku za joto nyumbani alikaa kifua wazi. Kwa wakwe alifunga vifungo vyote mpaka kooni. Hakuna mtu pale aliyewahi kuliona kovu lile, na nani angeuliza?

Siku ya karamu alikula. Mkwe hakatai. Kuku, samaki, ugali, kisha miwa ambayo shangazi mmoja aliileta akisema ni ya shamba lake mwenyewe, kwa hiyo Baba alitafuna nyingine na nyingine, na makapi mengine akayameza, kwa kuwa hakujua atayatemea wapi mbele za watu. Alipokuwa anatafuna, jirani mmoja alisimama mlangoni akamtazama. Alikuwa mjane anayekausha samaki, macho mekundu kwa moshi, na watu walishamalizana naye zamani: ana sihoho. Sihoho ni jicho. Mwenye jicho akikutazama unapokula, chakula hakishuki. Kinakwama tumboni na kukusokota mpaka mjuzi akitoe.

Jioni tumbo la Baba likaanza kusokota.

Hapa sitaki mtu awacheke watu wetu. Walisema chakula kimekwama. Hiyo ni diagnosis kamili, na daktari mwenye mashine ya picha alikuja kusema maneno yale yale. Walikosea tu kuhusu aliyekikwamisha.

Asubuhi Mjomba Odongo akamleta mwanamke mjuzi wa kutoa sihoho. Mjomba Odongo ni kaka yake Mama, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa tai na Biblia, asiyeamini mambo ya kienyeji mpaka yamfikie mlangoni. Yule mwanamke alimchanja Baba kidogo tumboni kwa wembe, akabandika kibuyu kidogo, akanyonya, akatema kwenye bakuli la maji. Ndani ya maji kulikuwa na kipande cheupe cha samaki. Watu wakakisogelea kukitazama. Baba akalegea, akashusha pumzi, akasema maumivu yameondoka. Mjane wa watu hakusalimiwa tena siku ile.

Lakini ugonjwa ule una hila. Utumbo ulioziba hukaza na kusukuma, halafu huchoka, hupumzika. Ukipumzika, dawa yoyote iliyo karibu inapata sifa. Kibuyu kikapata sifa. Baada ya kibuyu, maji ya majani yakapata sifa. Maombi ya Mjomba Odongo, marefu kama gari moshi, nayo yakapata sifa. Kisha msokoto ukarudi na Baba akatapika: kwanza chakula, halafu maji ya kijani, halafu kitu cha kahawia chenye harufu ambayo siielezi, kwa kuwa najua kuna watu wanaosoma huku wakila.

Tumbo likavimba likawa kama ngoma. Na mnajua walilifasirije? Kwa adabu. Walisema wuon Awuor, yaani baba yangu mimi Awuor, anajizuia. Ni mkwe mwenye heshima zake, yuko kwa maro, hawezi kwenda vichakani kila saa. Akifika kwake Kisumu atafunguka. Baba alikuwa anakufa, na wao walikuwa wanamsifu kwa malezi.

Kinachofuata sikukiona. Mama ndiye aliyenisimulia nilipokuwa mkubwa, naye aliambiwa na Dani mwenyewe. Alasiri ile Dani alichukua ungo wa maharagwe akaenda kukaa nje ya simba, mgongo kwenye ukuta wa udongo, akichambua. Maro hakai pale. Yeye alikaa. Ndani, Baba alikuwa anamwambia Mjomba Odongo, mwanamume kwa mwanamume, kwamba tangu alipofika hakuna kilichotoka, si choo wala hewa, kwamba anajisikia amefungwa mdomo wa chini kama gunia. Mjomba akamwambia avumilie kidogo. Dani akasikia kila neno. Maharagwe aliyachambua yakaisha, akaanza kuyachambua upya.

Kesho yake Baba hakuweza kusimama. Dani ndiye aliyeamua apelekwe Kisumu, na msidhani ni kwa mapenzi ya hospitali. Mkwe akifia kwa maro, mji ule hautakaa sawa tena. Hata watoto wa watoto wataulizwa habari hiyo. Akatoa amri akiwa amegeukia ghala lake la mahindi. "Mpelekeni. Lakini asichomwe sindano. Mtu wa sihoho akichomwa sindano hafiki jioni."

Na kwetu kila mtu alimjua mmoja aliyekufa hivyo. Bila shaka walikufa. Walipelekwa wakiwa wamebakiza pumzi, na sindano ikawa kitu cha mwisho kuwagusa.

Pale Katito palikuwa na Kalasinga mwenye lori la miwa, amesimama akimimina maji kwenye rejeta. Aliongea Dholuo kuliko watoto wa mjini wa siku hizi. Hakuuliza maswali mengi. Alifagia miwa iliyobaki akatandika turubai. Baba akalazwa nyuma, nasi tukakaa kumzunguka, Mama, Mjomba na mimi. Dani alisema naye anakwenda, akapanda mbele kwa dereva ili asimwone mkwe wake amelala. Kila shimo la barabara lilimtoa Baba sauti, na kila sauti ilipotoka niliona kupitia kidirisha kitambaa cha kichwa cha Dani kikiinama.

Daktari alikuwa mwanamke wa Kihindi, mzaliwa wa Kisumu, sari chini ya koti jeupe, Kiswahili kile cha nyuma ya kaunta ya duka. Alimlaza Baba kwenye kitanda kilicho chini ya dirisha. Dani alibaki nje, barazani, mgongo kwenye dirisha lililo wazi, kanga imefunika uso. Mimi nilisimama naye, lakini mimi nilikuwa nimeelekea ndani.

Daktari alifunua tumbo. Alipoona kovu akasimama kidogo, akapitisha kidole juu yake toka mwanzo hadi mwisho.

"Hii nani nakata?"

Mama akamweleza. Daktari akaweka kipimo chake cha kusikilizia, akafumba macho. Alimwambia muuguzi kwamba ndani mnalia kama maji yanayomwagwa kutoka chupa ya shingo nyembamba. Picha ilipoletwa aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, na mimi niliyekuwa nje nikaiona: tumbo la baba yangu lilikuwa na ngazi, kipandio juu ya kipandio.

Akawaeleza taratibu. Kovu la nje lina ndugu yake ndani, kama uzi, na uzi umeshika utumbo. Pengine utaachia wenyewe: mpira puani wa kunyonya uchafu, maji ya mshipani, asipewe hata tone kinywani, watu wangoje. Pengine utumbo umenyongwa, na hapo ukingoja unaoza. "Kama hewa napita chini, iko nafasi, sisi nangoja. Kama hewa hapana pita, mimi nakata leo. Sasa sema kweli, mzee. Wewe najamba?"

Wodi ile ilikuwa na wanaume wengi, na wote walitega masikio. Baba aligeuza macho dirishani. Aliona kisogo cha Dani, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angekigusa.

"Kidogo, daktari," akasema. "Leo asubuhi."

"Leo asubuhi? Kweli?"

Baba akamtazama Mjomba Odongo. Na Mjomba Odongo, mwalimu wa watoto wa watu, aliyekuwa ameambiwa ukweli wote ndani ya simba, akarekebisha tai yake. "Ni kweli, daktari. Anajitahidi."

Mama hakujua, kwa hiyo alinyamaza. Daktari akaonekana kupumua. Basi, akasema, hatukati, tunangoja. Muuguzi alipokuja na sindano ya maji, Mjomba akamshika mkono, akaanza habari ya sihoho. Daktari akamwambia kama sindano hataki, amchukue mgonjwa amrudishe alikotoka, afie huko. Mjomba alipofikiria huko alikotoka ni wapi, akauachia mkono wa muuguzi.

Nimefikiri sana juu ya wanaume wale wawili. Mmoja angekufa, na mwingine angemwacha afe, kuliko mwanamke mzee asikie kwamba mkwe wake ana matumbo kama watu. Siku hizi naingia kwenye ofisi za mji huu na vyeti vyangu, nakuta wanaume wa aina ile ile nyuma ya meza, tai zimenyooka, wananiambia kwa upole mwingi jambo ambalo sote tunajua ni uongo. Madam, tutakuita. Naijua sauti hiyo. Niliisikia kwanza kupitia dirisha la wodi.

Tukangoja. Mpira ukashusha maji ya kijani kwenye chupa. Mama alikuwa akimlowesha Baba midomo kwa pamba, wala si zaidi. Dani alikuwa ameagiza uji kwa mwanamke mmoja wa soko la karibu, maana maro asiyempikia mkwe mgonjwa ni maro gani, lakini aliposikia asipewe kitu aliufunika uji ule, akauweka miguuni pake, akaukalia zamu.

Jua lilipopita kichwani, milio ya Baba ilibadilika. Mwanzo maumivu yalikuja yakaenda, yakaja yakaenda, na katikati aliweza kusema neno. Sasa hayakwenda. Ilikuwa sauti moja, ndogo, isiyokatika. Dani aliinua kichwa kama mtu aliyesikia mtoto wake analia mbali.

Akamwita Mjomba Odongo barazani. Akamwambia kwa Dholuo, kwa sauti ya chini, amwite daktari amwambie kwamba lile jibu la asubuhi si kweli. Mjomba akamuuliza amejuaje. Akamwambia ukuta wa simba ni mwembamba. Mjomba alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Mama, hilo sitalisema. Wewe ni maro wake."

Dani akamjibu kwamba hilo analijua kuliko yeye. Maro akitaja mambo ya mwili wa mkwe, neno linamrudia aliyelisema. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na ameona waliorudiwa. Lakini anayelisema ni yeye, si Odongo. Odongo ni mdomo tu. Mjomba akatikisa kichwa. Akasema tena, sitalisema.

Daktari alikuwa anapita kati ya vitanda. Dani alishusha kanga usoni. Akageuka. Sikuwahi kumwona Dani akimtazama baba yangu, na Baba hakuwahi kutazamwa naye. Nilimwona akimtazama uso, mpira wa puani, tumbo lililofunuliwa, kovu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuuzia mtama sokoni, bei na kipimo, basi. Akakitumia chote.

"Daktari. Huyu hapana jamba. Toka kwangu mpaka sasa, hapana jamba. Yeye naogopa mimi."

Baba akavuta shuka akajifunika uso.

Daktari hakucheka. Nampenda mpaka leo kwa hilo. Aliwatoa watu wote karibu na kitanda, akamfunua Baba uso, akauliza tena peke yake. Safari hii Baba alitikisa kichwa. Alipomgandamiza tumbo upande mmoja, Baba alipiga ukelele ambao Mjomba Odongo aliusikia akiwa langoni. Wakamsukuma kuelekea chumba cha upasuaji jua likiwa bado juu.

Baadaye daktari alimweleza Mama alichokikuta. Uzi mmoja tu wa kovu la zamani, mwembamba kama kamba ya kiatu, ulikuwa umeunyonga utumbo, na kipande chake kimekuwa zambarau. Aliukata uzi, akakifunika kile kipande kwa vitambaa vya maji ya moto, akangoja. Alifikiri atalazimika kukikata. Kikarudi rangi polepole, kikawa chekundu, kikaanza kutambaa tena chenyewe. Alisema kama angekingoja mpaka kesho, pasingekuwa na kitu cha kufunika.

Jioni ilifika, na Baba, mwenye sindano mkononi, akafika nayo. Onyo la kwanza la Dani likafa siku ile.

Lakini hadithi ya upasuaji wa tumbo haiishi kwenye kisu. Utumbo ukishaguswa hulala, na watu hungoja uamke, na dalili ya kuamka ni ile ile tuliyokuwa tunaificha. Kwa hiyo wodi nzima ikawa inangoja baba yangu ajambe. Mvuvi mmoja wa Usenge, mguu wake umefungwa bendeji, alikuwa akimuuliza kila asubuhi, karani, bado? Baba akizidi kuona haya, yule mvuvi akawa anamwonyesha mfano. Siku ilipotokea, mvuvi ndiye aliyetangaza, na wagonjwa wakapiga makofi, waliokuwa na mikono ya kupigia.

Nje barazani, hakuna aliyeweza kumpelekea Dani habari hiyo. Alikuwa amerudi kugeuza mgongo, kanga usoni, na kila siku alikuja na uji mpya na kurudi nao. Mama alitoka, akasimama mbele yake, akanyoosha mikono tu. Dani akamtazama. Akauinua ule mtungi mdogo wa uji kutoka miguuni, akampa.

Kabla hajarudi Katito alimwambia Mama, "Lile neno litanifuata. Likija msilie sana." Wazee walimtafutia manyasi, ile dawa ya kuosha makosa ya mwiko, naye aliinywa ili wasigombane. Mwaka uliofuata, mvua ndefu zilipoanza, kikohozi kikamshika shambani, kikamshusha haraka. Mjomba Odongo alisema makaburini, kwa sauti ya mwalimu anayefunga somo, kwamba walikuwa wamemwonya.

Mimi nimefundishwa, kwa pesa za mahindi na fahali, kwamba kikohozi ni kikohozi. Nasema hivyo hata sasa. Lakini hilo si swali tena. Mimi navunja miiko kila siku kwa sababu siiamini, na hainigharimu kitu. Maneno makali ya msomi asiye na kazi ni bure kama upepo wa ziwani. Dani hakuwa msomi aliyegundua kwamba mwiko ni upuuzi. Aliuamini wote, mpaka mwisho wa pumzi yake. Alijua, kwa namna yake ya kujua, kwamba anachagua nani afe. Halafu akashusha kanga na kutafuta Kiswahili chake cha sokoni.

Jana nilirudi nyumbani Kaloleni, hapa Kisumu, kutoka ofisi nyingine yenye kibao cha Hakuna Kazi. Baba alikuwa kwenye kiti chake, shati wazi kwa joto, yale makovu mawili yakipishana tumboni, redio ikisoma habari. Akajamba, shuzi refu, lisilo na haya. Mama akasonya jikoni. Baba akaweka kiganja tumboni, akasema polepole, kama mtu anayeshukuru baada ya chakula, neno analolisema kila mara tangu nikiwa mtoto:

"Erokamano, maro." Asante, mama mkwe.

Kwetu hakuna anayecheka.